Hema Namba Saba

Meneja Wanyoike aliniambia: Kageha, leo ulale humo.
Mgeni wa mwisho ameandika kitabuni kwamba linavuja,
ila hakusema wapi.
Wewe lala, sikiliza, asubuhi uniambie.

Miaka minne nimekitandika kitanda hiki.
Najua mguu wake mmoja umeinuliwa kwa kipande cha mwerezi,
najua zipu ya mlango hukwama shubiri moja kutoka chini
na dawa yake ni kuisugua kwa mshumaa.
Mikono yangu inakijua. Mgongo wangu, kamwe.

Saa moja jioni nikajaza mpira wa maji ya moto,
nikauvalisha kifulana chake cha sufi,
nikausukuma chini ya blanketi, upande wa miguu,
kama ninavyowafanyia wote.
Kisha nikatoka nje, nikahesabu hadi mia,
nikaingia kama mgeni.
Nikaugusa kwa kidole cha mguu,
nikashtuka. Haki ya Mungu, nilishtuka!
Mwaka jana mzee mmoja alipiga mayowe
kwamba kuna mnyama kitandani,
nikamcheka jikoni siku tatu.
Mzee, popote ulipo, niwie radhi.

Giza la hapa si giza la Kaptembwo.
Kule giza lina redio ya jirani,
lina mtoto wa Nafula anayekohoa,
lina mlango wa bati unaogombana na kufuli.
Hapa giza linatafuna.
Ni nyati, nilijua, anang'oa nyasi karibu na kamba,
krap, krap,
kama mtu anayechana leso kuukuu bila haraka.
Kati ya pembe zake na mbavu zangu kuna turubai,
turubai ninalolisugua kila Februari kwa brashi na sabuni ya mche,
nami najua lilivyo jembamba.

Bei ya usiku mmoja humu ni karo ya Imali, muhula mzima, na chenji.
Nililala katikati. Nikahamia ukingoni.
Nikarudi katikati,
nikihofu nitadaiwa ule upande wa pili.

Mvua ilianza saa saba usiku, upande wa ziwa,
ziwa lile lililosahau mpaka wake,
likameza lango la zamani,
likaiacha migunga imesimama majini, mikavu,
imepakwa chokaa na mavi ya minandi.
Ikaja ikikanyaga majani,
ikapita juu ya hema la sita,
ikafika kwangu,
na paa lote likawa ungo wa maharagwe
mikononi mwa mtu mwenye hasira.

Nilisikiliza. Ndiyo kazi niliyopewa.

Nyumba ya mama kule Mbale ilivuja mahali patatu.
Sufuria hapa, karai pale, kopo la mafuta karibu na mlango,
kila chombo na sauti yake,
naye mama, macho yamefumba, usingizini kabisa:
Kopo limejaa, Kageha. Kamwage.
Hakuwahi kukosea.

Tone la kwanza lilinipata sikioni.
La pili nililingojea, likaja.
Nikapapasa, nikaipata glasi ya miswaki,
nikaiweka juu ya kimeza, chini ya mshono.
Ti.
Ti.
Sijui nyati aliondoka lini.
Sijui mvua ilikoma saa ngapi.
Nilichojua ni ndege, na chai niliyojiletea mwenyewe
baada ya kujigongea hodi.

Mshono wa tatu, nikamwambia Wanyoike, juu ya mto wa kushoto.
Akasema fundi atakuja Alhamisi.
Nikaondoa shuka, nikaokota uzi wa nywele zangu kwenye foronya,
nikatandika upya, nikanyoosha,
mpaka kitanda kikanikana.

Saa tisa akaja mgeni, mama mmoja na darubini shingoni.
Akaniuliza: Usiku hapa kuna nini?
Tulifundishwa kujibu: Usalama tu, mama, lala salama.
Nikamjibu: Kuna nyati. Anakula polepole.
Na mvua ikinyesha, weka glasi hii hapa.
Usihangaike kuitazama.
Ikijaa, utasikia.