Mshono wa Mtu Mwingine

Mimi ni fundi. Miaka kumi na tisa nimeshona
kwenye kibaraza cha duka la mbegu, Kiboriloni:
sare za shule, magauni ya kipaimara,
na suti ya marehemu mmoja, usiku,
iliyobidi ipunguzwe mgongoni kabla ya asubuhi.
Kwa hiyo usiniambie nisiangalie.

Siku ya tatu nimejifungia bafuni
na kioo cha kunyolea cha Elinami,
nimekiegemeza kwenye kipande cha sabuni.
Plasta imegoma, kisha imekubali.
Nilitegemea shimo.
Ni mstari tu, mfupi kuliko tundu la kifungo cha koti,
nyuzi mbili nyeusi, fundo limekaa upande,
na ngozi pembeni imevilia zambarau,
inaelekea manjano.
Aliyeshona alikuwa na haraka, au alikuwa mwanafunzi.
Ningekuwa mimi, ningelificha fundo.

Nesi Theodosia alinielekeza taratibu, kama anasoma tangazo:
pasilowe siku mbili,
sidiria usiku na mchana, ishike lakini isikate,
usibebe ndoo, usifue mablanketi,
panadoli, siyo aspirini,
na pakitoa usaha, pakiwaka, ukitetemeka usiku,
njoo usiku huohuo, usisubiri Jumatatu.
Majibu wiki mbili.
Hilo la mwisho aliliambia karatasi.

Mama Kundaeli wa jirani ameleta unga wa kahawa kwenye gazeti.
Kahawa, anasema, hukausha kila kidonda.
Nimemshukuru. Kahawa nimeinywa.

Fulana kuukuu ya Elinami nimeikata,
nimejishonea kitambaa laini cha kukaa kati ya kamba na maumivu.
Kazi ndogo, mkono wa kulia hauendi juu,
nimeishona nikiwa nimeubana kwapani kama kuku.
Yeye maneno hana. Anateka maji.
Jana amefua sidiria yangu, ameikamua, ameianika
kwenye waya wa mbele, wa njiani,
katikati ya ovaroli zake mbili za gereji.
Watu wamepita. Hakuiondoa.

Mama mkwe ameshuka kutoka Kibosho na mtori,
mzito, wa mfupa, uleule
alionipikia mara tatu nilipotoka leba.
Akanikalisha, akanishikia bakuli,
akasema, "Kunywa, mzazi."
Ulimi ulimteleza. Tukatazama bakuli wote wawili.
Na kweli kuna kilichotoka:
kinyama kama punje ya hindi
kwenye kichupa cha maji maangavu,
jina langu ubavuni limekosewa, Akande,
nami nimelala pale, nusu uchi, nasahihisha:
Aikande. Kuna i.
Mtoto wa mtu asije akapewa majibu yangu.

Siku ya kumi nyuzi zilitolewa.
Kukata, kuvuta, baridi kidogo, basi.
Nikaomba nipewe.
Nesi alicheka, akazikunja kwenye shashi.
Ziko kwenye kopo la vifungo. Sijui za nini.

Leo ni ya kumi na tatu. Mlima umejifunika tangu Jumapili,
na mimi sina la kuusemea.
Simu iko juu ya meza ya cherehani, chini ya kitambaa,
ikitetemeka sindano nayo inatetemeka.
Mara ya kwanza: ofa ya vifurushi.
Mara ya pili: mtu amekosea namba, anataka saruji.
Kovu linawasha. Kuwasha ni kupona, wanasema;
sijamuuliza yeyote ni kupona kwa nini,
kwa sindano yao au kwa kile walichokifuata.

Alasiri ameingia mama na binti wa darasa la pili,
sketi ya bluu, shule zinafunguliwa.
Nimepima kwa mkono wa kushoto.
Pindo nimeliacha pana, vidole vinne,
mtoto ana miguu ya kurefuka.
"Mwakani mlete," nimesema, "nitaliachia."
Mwakani.
Neno limetoka kabla sijalipima.
Yule mama amelipa nusu, ameondoka.
Nimekanyaga, gurudumu limezunguka.
Simu, chini ya kitambaa.