Mstatili

Saa nne na dakika saba, asubuhi ya mvua,
redio ya jikoni ikasema mfalme ameng'atuka.
Hakufa, hakupinduliwa.
Alivaa miwani, akatia sahihi,
akaisukuma kalamu upande wa pili wa meza
kwa mpwa wake, kama mtu anayempa mwenzake chumvi.
Wakapiga makofi. Nje, farasi akakojoa
mbele ya kamera zote za Uholanzi.

Mimi ni Jeltje, mtunza jengo la baraza la mji, Dokkum.
Kazi yangu siku ile ilikuwa ngazi.
Nikapanda, nikamshika mfalme mabegani,
nikamteremsha kwa kumkumbatia,
kioo chake baridi shavuni mwangu,
na buibui mmoja, raia mtiifu,
akatoka nyuma ya fremu akitafuta pa kuhamia.

Ukutani ukabaki mstatili
mweupe kuliko weupe wote wa chumba,
rangi ya miaka ishirini na sita nyuma,
kabla jua la alasiri halijala kuta.
Na juu yake, msumari.

Sheria inasema kiti hakikai kitupu
hata kwa kupepesa jicho:
pumzi ya mmoja ikikoma, au wino wake ukikauka,
mwingine keshakalia.
Sheria haijawahi kungoja posta.
Picha ya mfalme mpya ilichukua siku kumi na tisa.

Siku kumi na tisa tulitawaliwa na msumari.
Chini yake Famke na Oebele walioana,
bibi harusi na mimba ya miezi minane,
wakala kiapo wakiutazama weupe ule
kama watu waliofika dirishani mapema mno.
Mzee Tjalling alikuja kulalamikia bomba la majitaka,
akavua kofia kwa mazoea,
akaangalia juu, akaivaa tena.
Mtoto wa shule akauliza, "Huyu ni nani?"
Mwalimu wake akasema, "Ngoja."

Nilikwenda kumwambia baba.
Wiebren Hoekema, miaka arobaini mwenye funguo za jengo hili,
sasa ana kitanda cha vyuma na kengele ya kumwita muuguzi.
Yeye alitundika wawili.
Mimi hakuna aliyenitawaza:
usiku mmoja aliziweka funguo kando ya bakuli langu la supu,
akaendelea kula.
Hakusema chukua. Sikusema asante.
Kesho yake alipiga simu mara sita
kuuliza kama nimefunga mlango wa nyuma.

"Nani sasa?" akauliza.
Nikamtajia. Jina halikupata pa kutua.
"Na msumari?"
"Ule ule, baba."
Hapo akashusha pumzi,
kama mtu aliyeletewa habari kwamba nchi iko salama.

Kisha mkono wake ukapapasa mfuko wa pajama
ukitafuta kitu kizito ambacho hakikuwamo.
Vilikuwa kwangu, vyuma vile, vikinikandamiza paja.
Sikuvitoa.
Ningevitoa, ningevichukuaje tena?

Picha ilifika Jumanne, imefungwa kwa kadibodi.
Kijana, macho ya mtu aliyeambiwa asipepese,
tai imembana koo. Nikamtundika.
Fremu yake ni ndogo kuliko ya mjomba
kwa vidole viwili kila upande,
basi weupe wa yule aliyetoka
umemzunguka huyu aliyeingia.
Katibu wa baraza akasema tupake ukuta rangi upya.
Nikasema ndiyo.
Sijanunua rangi.

Yule wa zamani yuko ghalani, chini,
kati ya baiskeli zisizo na wenyewe.
Sikumgeuza uso ukutani;
nimemwacha aangalie ngazi.

Kila jioni nafunga mlango wa nyuma.
Napiga hatua kumi kuelekea mfereji.
Narudi, naujaribu tena.