Wayo wa Kushoto

Jumanne, Grimsby. Upepo wa bandarini unagonga dirisha
kama mtu anayedai deni.
Bi Hilda Cawthorne amekwisha kuvua soksi,
mguu juu ya stuli, gazeti chini yake,
paka kafungiwa jikoni.

Kidonda kipo kwenye wayo, chini ya kidole gumba,
mwezi wa kumi na nne sasa.
Kwetu hiki huitwa donda ndugu,
nami sijapata kumfasiria jina hilo.
Nitaanzaje kumwambia
kuna undugu usioalikwa,
unaolala nawe, unaokula sukari yako,
ukiufukuza asubuhi, jioni umerudi?

Nafungua bandeji. Nanusa kwanza:
pua hutangulia jicho.
Leo hakina uvundo.

Miaka thelathini na mmoja alichuna gayogayo
katika banda la barafu, aproni ya mpira mpaka vifundoni.
Mikono yake ni daftari la makovu, ananisomea:
hili la mwaka wa mgomo,
hili la wiki aliyokufa mama,
hili sikumbuki, nilikuwa nacheka.
"Ule ute," asema, "tuliusugua sakafuni kwa maji ya moto
tukiutukana. Tulinuka nao hata kwenye basi."

Na sasa ute umerudi kwa jina la heshima,
peptidi, neno fupi kama kikohozi.
Namweleza nijuavyo: samaki yule hulala matopeni
kati ya vijidudu visivyohesabika,
hana ngao, ana utelezi tu,
na ndani ya utelezi mna visindano
vinavyotoboa ngozi ya bakteria mpaka ivuje,
kisha, eti, huita nyama changa: njoo, ziba.

Anachukua tyubu, anaisogeza puani.
"Mbona hainuki?"
Haikutoka kwa samaki, Bi Hilda. Maabara waliiga mpangilio wake,
kiungo kwa kiungo, kama kutunga shanga.
Ananuna.
"Basi wamekopi kazi ya watu."

Alisaini karatasi, lakini husahau
kwamba tyubu nyingine ni jeli tupu,
na hii yenye namba 0417
naijua mimi kama aijuavyo paka.
Napima kwa rula ya karatasi.
Machi, milimita thelathini na nne.
Leo ishirini na moja.
Ukingoni nyama mbichi, nyekundu, ya chembechembe
kama komamanga lililopasuliwa.

Huenda ni dawa. Huenda ni viatu vipya,
au ni kuwa na mtu ajaye kila Jumanne
kupiga magoti mbele ya mguu huu.
Naandika 21. Pale pa maoni napaacha wazi.

Nikivaa koti ananiita: mfungulie paka.
Paka anakwenda moja kwa moja kwenye bandeji,
ananusa mara mbili,
anaondoka zake
bila kusema yuko upande gani.