Mkunjo

Fermín alipomaliza kubandika tinti alinionya:
"Siku tano usishushe vioo, Herlinda.
Gundi bado mbichi."
Mexicali, nyuzi joto arobaini na saba;
hata usukani ulikuwa unauma.

Siku ya tatu Eleuterio alishuka na begi moja,
akaelekea mpakani. Akageuka.
Nikajua hanioni,
anaona uso wake tu katika weusi ule.
Nikashusha.

Sasa kila Jumamosi naosha:
maji, tone la sabuni, kipande cha fulana yake kuukuu.
Amonia marufuku. Brashi marufuku.
Nikifika pembeni, penye mkunjo mwembamba kama kovu,
mkono unapunguza mwendo wenyewe.

Fermín anataka kuibandua, aweke nyingine, bila malipo.
Namwambia kesho.