Daftari la Mwanatumu

Nililinyang'anya Jumatano, kidato cha pili, Tononoka,
kipindi cha hesabu, joto la kuyeyusha chaki.
Ukurasa wa milinganyo: kila eksi imevaa viatu,
sufuri zimefumba macho, zinakoroma,
na jibu, ambalo lilikuwa sahihi,
limempanda paka wa miguu saba.

"Utakula michoro?" nikamuuliza.
Darasa likacheka. Yeye akahesabu upya miguu ya paka.

Sasa anaila.
Alianza na vibandiko vya pakiti za mabuyu, dukani kwa mjombake, Kibokoni;
akalipwa mabuyu.
Kisha menyu ya muuza viazi karai,
kisha ukuta wa zahanati ya watoto kule Kisauni,
ambako sindano ina masharubu
na inamwogopa mtoto.
Wateja wa Nairobi humpigia simu, wanataka "kitu cha maana".
Huwapelekea paka. Wanalipa.

Jana nilimkuta Makadara, juu ya ngazi, rangi hadi kiwikoni,
akimchorea muuza magodoro ukuta mzima:
magodoro yamechoka, yamewalalia watu.
"Mwalimu," akaniita kutoka juu,
"ule mguu wa saba bado sijaupatia kazi!"

Sikumwambia kwamba daftari ninalo,
kabatini, chini ya barua yangu ya kustaafu.
Ukurasa wa mwisho nimo mimi:
chaki sikioni, tumbo la boga,
shati limechomekwa upande mmoja,
nacheka.

Sijui aliniona lini.