Sentimita Thelathini na Nane

Roboti haina haraka.
Inakwenda hatua saba, inasimama,
inateremsha ufito wake ardhini
kama daktari anayebonyeza tumbo la mtoto
na kuuliza: hapa je? Na hapa?

Gudrun Abildgaard anaifuata kwa mabuti ya mpira.
Ni Machi, upepo wa Lolland una meno.
Mimi ni fundi tu, nimekodiwa pamoja na mashine;
kazi yangu kutazama ramani ikijipaka rangi,
kijani palipo laini,
nyekundu pale mzizi unapobisha hodi usifunguliwe.

"Hapa bitiruti za sukari huota miguu miwili," ananiambia.
"Kiwandani wananikata bei.
Na mvua ikinyesha, maji yanakaa juu, mgeni asiyeaga."
Nasoma tarakimu. Megapaskali moja. Moja na nusu.
Kisha, sentimita thelathini na nane, ufito unatetemeka:
tatu nukta nne.

Nyekundu haifuati matuta.
Inalikata shamba mshazari, kutoka lango la barabarani
hadi ghalani, mistari miwili mipana,
nyayo za mashine ambazo baba yake
hakuwahi kuwa nazo.

Gudrun ananyamaza. Anahesabu kwa vidole ndani ya glavu.

Vuli ile, anasema. Baba yuko hospitalini Nykøbing,
mvua wiki ya tano, bitiruti zote bado matopeni.
Wakaja akina Krogh, wakaja akina Lindegaard,
watu kumi na mmoja, bila kuitwa,
na mitambo ya tani thelathini,
wakavuna usiku kucha kwa taa.
Mama akawachemshia kahawa katika sufuria ya jamu.
Hakuna aliyepokea hata krona moja.

Miaka thelathini na mitatu.
Jembe limepita juu kwa juu,
barafu imefunga na kufungua,
nyungunyungu wamefika hapo, wakageuka.
Wahenga walisema wema hauozi.
Hawakusema unalala kina gani.

Garini nachapa ramani na ushauri:
upasuliwe kwa chuma kirefu, Agosti, udongo ukikauka,
kisha zipandwe figili za mizizi mirefu.
Anatia sahihi. Anaikunja ramani mara nne.
"Kile kipande cha ghalani," anasema,
tayari amenipa mgongo,
"kiache."

Naandika: kisiguswe.
Pale penye sababu, napaacha wazi.