Mwaka wa Elfu Tatu, Bado Peku

Thompson, Januari, digrii thelathini na nane chini ya sifuri.
Madirisha yameota barafu kwa ndani
nasi watatu tumebanana kwenye kochi moja
tukitazama sayari yenye majua mawili.

Royce ndiye mwenye pedi.
Mchezo ameununua kwa jasho la mgodini
na anatuonyesha kama mtu aonyeshaye picha ya mwanawe:
"Mwoneni huyo! Ioneni pua! Si pua ya mjomba Alphonse?"

Ndiyo, ni pua ya mjomba Alphonse,
imevuka miaka elfu na galaksi nzima
ikafika salama.
Lakini chini ya pua hiyo, anasema Delphine,
shukeni, shukeni, tazameni miguu.

Peku.

Wengine meli zao zinapasua nuru,
wengine wana mapafu ya chuma, macho ya kununua,
na hawa Wavelani, watu wa pua yetu,
wamekalia mawe, wananusa upepo,
wananong'onezana na mizizi.
Kichwani wana manyoya. Manyoya ya nini?
Delphine ameikagua sayari msitu kwa msitu, usiku kucha,
ndege hakuna hata mmoja.

"Wana hekima," Royce anajitetea.
"Hekima!" Kicheko cha Delphine kina pilipili.
"Hekima ni mshahara wa asiyelipwa.
Waulize bei ya chumvi, watakujibu kwa fumbo.
Mimi leo nimebishana na kampuni ya umeme dakika arobaini,
fumbo sikutumia hata moja."

Royce hushinda mita elfu chini ya ardhi,
hahitaji kufundishwa giza.
"Utotoni," anasema, "katika michezo yote
sisi tulikuwa wa kupigwa risasi tu.
Unajua nilikuwa nachagua kuwa nani? Roboti.
Roboti hana kabila.
Leo nimepewa uso, unaniambia niurudishe dukani
kwa kuwa haukuja na viatu?"

Delphine akanyamaza.
Nami nikanyamaza, nikaisikiliza friji ikinguruma.
Mwenye njaa humwambii wali una mawe,
na mwenye jino bovu humwambii tafuna tu.

Ndipo akaingia nyanya Verna
kutoka zamu ya kufua mashuka hospitalini,
akasimama na theluji mabegani, akatazama kidogo,
akauliza kwa Kikrii:
"Kati ya hawa, kitu kikiharibika, nani hukitengeneza?"

Royce akamtembeza shujaa wake kibanda hadi kibanda.
Mganga yupo. Mwindaji yupo.
Binti wa kupendwa na mgeni yupo, tena wawili.
Fundi hakuna.

"Basi si sisi," nyanya akasema,
akavua buti, akaenda kupasha supu.

Maana Alphonse mwenyewe, mwenye pua,
aliwahi kufufua pikipiki ya theluji katikati ya ziwa
kwa kamba ya kiatu na kopo la maziwa,
usiku, akitukana kwa lugha mbili.

Saa saba tukafika pale ambapo mzee wa Wavelani
hana budi kufa
ili shujaa kutoka mbali apate hasira za kumfikisha mwisho.
Bonyeza kuendelea, skrini ikasema.
Kidole gumba cha Royce kikakaa hewani.
Kikakaa.
Akaiweka pedi mezani, taratibu, kama yai.

"Sijasema nimekubaliana nawe."
"Sijasikia ukisema," Delphine akajibu.

Asubuhi nimekuta skrini bado inawaka.
Royce kashaenda kazini.
Mzee amesimama palepale, kifua kinapanda, kinashuka,
kila baada ya muda anajikuna kiwiko,
anasubiri, hajui anachosubiri.
Na miguuni pake, juu ya kioo,
mtu amebandika vikaratasi viwili vya manjano
vyenye buti zilizochorwa kwa kalamu ya wino,
kamba zake zote, na soli nene ya mgodini.

Mwandiko wa namba ya kiatu
si wa Delphine.